Mhariri, Tajiri na Wafu wa Matabeleland

Jumapili ya tarehe 15 Aprili 1984, zikiwa zimesalia siku tatu Zimbabwe itimize mwaka wa nne wa uhuru wake, gazeti la Observer la London lilichapa habari ambayo mwenye gazeti hakuitaka. Aliyeiandika hakuwa mwandishi mdogo wa kuweza kukanwa asubuhi na kufukuzwa jioni. Alikuwa mhariri mwenyewe, Donald Trelford. Alikuwa amekwenda Harare kumhoji Waziri Mkuu, Robert Mugabe, kisha akateremka Bulawayo. Na usiku akatoka hotelini kwa siri, akachukuliwa na watu waijuao njia mpaka kwa walionusurika. Wakamsimulia yaliyowafika mikononi mwa Brigedi ya Tano: vipigo, mateso, na watu kuuliwa mbele ya jamaa zao. Aliyoyasikia akayaandika.

Brigedi hiyo ilifunzwa na wakufunzi kutoka Korea ya Kaskazini, na amri zake hazikupitia katika ngazi za kawaida za jeshi. Iliingia Matabeleland Januari 1983 kwa kisingizio cha kuwasaka waasi wenye silaha. Waasi walikuwapo, hilo halina ubishi, lakini walikuwa wachache. Walioadhibiwa ni wanavijiji, kosa lao kuzungumza Kindebele na kukipigia kura chama cha Joshua Nkomo. Februari 1984 Matabeleland ya Kusini ikawekewa amri ya kutotoka nje, maduka yakafungwa, magari ya chakula yakazuiwa, na huo ulikuwa mwaka wa tatu wa ukame. Njaa ikafanywa silaha. Hesabu inayotajwa mara nyingi ya waliokufa tangu 1983 hadi mapatano ya Desemba 1987 inafikia watu 20,000.

Mwenye gazeti aliitwa Roland Rowland, mashuhuri kwa jina la Tiny, yaani Kadogo, ingawa mwenyewe alikuwa pande la mtu. Kampuni yake, Lonrho, ilizaliwa mwaka 1909 kwa ajili ya migodi na ardhi ya Rhodesia, na jina lake ni ufupisho wa London na Rhodesia. Tangu alipoingia mwaka 1961, Rowland aliieneza Afrika nzima: madini, chai, sukari, hoteli, magari, magazeti. Aliwajua marais kwa majina yao ya nyumbani na aliwapelekea ndege yake walipoihitaji. Mwaka 1973 Edward Heath, Waziri Mkuu wa chama cha Kihafidhina, chama cha matajiri wenyewe, alisimama Bungeni akausema mwenendo wa kampuni hiyo kuwa ni sura mbaya na isiyokubalika ya ubepari. Miaka mitano baadaye serikali ya Mwalimu Nyerere iliitoa Lonrho Tanzania na kutaifisha mali zake, ikiituhumu kuhujumu harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika.

Na hapa ipo kejeli ambayo wasimulizi wengi huipita mbio. Kwa miaka mingi mtu wa Rowland katika siasa za Zimbabwe hakuwa Mugabe, bali Nkomo. Fedha za Rowland zilimsaidia Nkomo uhamishoni, na Rowland alitaraji kuwa siku bendera ya uhuru itakapopandishwa rafiki yake ndiye atakayekaa kitini. Uchaguzi wa 1980 ukampa kiti Mugabe. Tajiri akageuza shingo haraka, kwani migodi na mashamba yake ya ng'ombe hayakuweza kuhamishwa. Basi waliokuwa wakiuliwa Matabeleland mwaka 1984 walikuwa wafuasi wa mtu yule yule ambaye Rowland alimkumbatia miaka kumi kabla. Na gazeti lake lilipowataja, alighadhibika.

Alimwandikia Mugabe kumtaka radhi kwa kitendo cha mhariri. Alimshambulia Trelford hadharani. Matangazo ya biashara ya Lonrho yakaondolewa gazetini, na ikavumishwa kuwa Observer litauzwa kwa Robert Maxwell, jina ambalo katika Fleet Street ya siku hizo lilitosha kumkosesha mtu usingizi. Waandishi wa gazeti wakasimama na mhariri wao. Wakurugenzi huru, ambao serikali ya Uingereza iliwaweka kama sharti la kumruhusu Rowland kulinunua gazeti mwaka 1981, wakaamua kuwa mwenye gazeti ameingilia pasipo haki. Trelford akajitolea kujiuzulu ili gazeti lipone. Rowland hakukubali, wakapatana, na baada ya wiki chache ilikuwa kana kwamba hapakuwa na neno baina yao.

Hiyo ndiyo hadithi, na ni hadithi nzuri. Kwa uzuri wake huo imekuwa ikisimuliwa kwa namna inayoharibu maana yake. Trelford alipofariki Januari 2023, akiwa na umri wa miaka 85, usiku ule wa Bulawayo ulikumbukwa kwa heshima, na heshima hiyo alistahiki. Lakini kuna watu, na katika taaluma ya habari ni wengi, ambao kwao mafunzo ya mwaka 1984 ni mepesi: mpate mhariri jasiri, na gazeti litakuwa huru. Dai hili ni la uongo, na ni uongo wa hatari, kwa kuwa humwachia tajiri kila kitu na kumdai maskini wa kalamu ushujaa.

Ushahidi wa kulikanusha haupo mbali. Upo Nairobi, na tajiri ni yule yule.

Lonrho ilikuwa na gazeti la Standard la Kenya tangu miaka ya 1960 hadi 1995. Kampuni iliingia Kenya kwa mlango mkubwa. Mwenyekiti wake wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 alikuwa Udi Gecaga, mkwe wa Rais Jomo Kenyatta. Mwaka 1982 mhariri mkuu wa Standard alikuwa George Githii. Hakuwa malaika. Aliwahi kufanya kazi karibu na Kenyatta, aliwahi kuliongoza gazeti la Nation, na wapo waliomtilia shaka kwa misimamo yake iliyopinda na kupindua. Lakini Julai mwaka huo, serikali ya Rais Moi ilipowarudisha watu kizuizini bila ya kuwafikisha mahakamani, Githii alichapa tahariri ya kuulaani utaratibu huo. Hakupata wiki za mabishano ya hadhara. Hapakuwa na wakurugenzi huru wa kumwambia mwenye gazeti kuwa amevuka mpaka, wala Bunge la kuuliza maswali. Alifukuzwa mara moja.

Zipimwe sasa hizo mbili. Mmiliki mmoja, miaka miwili tu imepita baina ya kisa na kisa, kosa ni lile lile, kumuudhi mkuu wa nchi ambaye kampuni inamhitaji. Mmoja akatolewa, mwengine akabaki kitini miaka tisa zaidi. Atakayesema kuwa tofauti ni ushujaa atalazimika kueleza kwa nini Githii, aliyekuwa akikaa chini ya mamlaka aliyoikosoa, awe amepungukiwa na ujasiri kuliko Mwingereza aliyepanda ndege akarudi kwao. Tofauti ilikuwa uzio. London palikuwa na uzio wa maandishi, uliojengwa baada ya vita vya mwaka 1981, vita ambavyo Trelford mwenyewe alipigana kwa kupinga Lonrho kulichukua gazeti. Nairobi hapakuwa na uzio. Rowland alikuwa Rowland pale na hapa. Alifanya alichoweza kufanya katika kila mji.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba si wote walioungojea uzio uwakinge. Colin Legum, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, mwandishi ambaye kwa miaka mingi alilipa Observer sifa yake katika bara hili, aliondoka Lonrho ilipoingia. Alijua kuwa mtu anayeandika juu ya Afrika hawezi kula katika sahani ya mtu mwenye migodi ya Afrika, hata sahani ikiwa imeoshwa na wakurugenzi huru.

Trelford alibaki. Maisha yake ya awali yanaeleza kwa kiasi gani Matabeleland haikuwa ngeni kwake. Alizaliwa Coventry mwaka 1937, akasoma Cambridge, akaanzia katika magazeti ya mikoani, na mwaka 1963, hajafika miaka thelathini, akapelekwa Nyasaland kuwa mhariri wa gazeti la nchi hiyo, likaja kuitwa Times of Malawi. Alikuwapo uhuru ulipokuja mwaka 1964, na alikuwapo wiki chache baadaye Kamuzu Banda alipogombana na mawaziri wake, wengine wakakimbilia uhamishoni. Kijana huyo aliona kwa macho yake namna shujaa wa ukombozi anavyoweza kubadilika kabla rangi ya bendera haijakauka. Observer alijiunga nalo mwaka 1966, na mwaka 1975 akamrithi David Astor, mhariri ambaye mwaka 1956 aliipinga serikali ya nchi yake juu ya vita vya Suez na gazeti likapoteza wasomaji na matangazo. Huo ulikuwa urithi mzito. Lakini Astor alikuwa na kitu ambacho Trelford hakuwa nacho: gazeti lilikuwa la ukoo wake. Aliweza kupoteza fedha kwa sababu zilikuwa zake kupoteza. Na zilipokwisha, gazeti liliuzwa mwaka 1976 kwa kampuni ya mafuta ya Kimarekani, Atlantic Richfield, kwa bei ya pauni moja. Lilipowachosha Wamarekani, likaangukia kwa Rowland.

Sasa ije Alhamisi ya tarehe 30 Machi 1989.

Observer ni gazeti la Jumapili. Halijawahi kuwa jengine tangu lilipoasisiwa mwaka 1791. Siku hiyo, katikati ya wiki, likatoka toleo maalumu la kurasa 16. Lilichapa sehemu za ripoti ya wakaguzi wa Wizara ya Biashara na Viwanda, ripoti ambayo serikali ilikuwa imeifungia kabatini. Ilihusu namna ndugu wa Al-Fayed walivyolinunua mwaka 1985 kundi la maduka la House of Fraser, lenye duka la Harrods ndani yake. Rowland alilitaka duka hilo kwa miaka mingi, akalikosa, na chuki yake kwa Al-Fayed ikawa maradhi. Siku ya toleo maalumu ndiyo siku wanahisa wa Lonrho walipofanya mkutano wao mkuu wa mwaka. Serikali ilikimbilia mahakamani, ikapata amri ya kulizuia toleo, lakini nakala zilikwishaenea.

Ripoti ilipotangazwa rasmi mwaka 1990, ilionekana kuwa Observer halikudanganya. Wakaguzi walikuta kuwa ndugu hao walisema uongo juu ya asili yao na mali zao. Habari ya 1984 ilikuwa kweli. Habari ya 1989 ilikuwa kweli. Kwa mtu anayedhani kuwa wajibu wa gazeti unakwisha kwa kusema kweli, hapa hapana la kuongeza.

Walakini lipo. Kweli ya mwaka 1984 ililigharimu gazeti matangazo, ikamweka mhariri mlangoni na begi mkononi, na waliofaidika nayo ni wanavijiji wasiokuwa na hisa katika kampuni yoyote. Kweli ya 1989 ilitolewa siku ambayo tajiri aliihitaji, katika umbo alilolihitaji, kwa faida ya ugomvi wake wa duka. Baadhi ya waandishi wa Trelford waliona aibu na wakalalamika. Yeye aliitetea kuwa ni habari kubwa ambayo mhariri yeyote angeichapa. Huenda angeichapa. Lakini angeitolea toleo la katikati ya wiki, jambo lisilo desturi ya gazeti lake? Watu wa Matabeleland hawakupewa toleo maalumu. Walingojea Jumapili.

Na huo uzio uliomkinga mwaka 1984 ulikuwa wapi mwaka 1989? Ulikuwapo pale pale, na haukufaa kitu, kwa sababu ulijengwa kumzuia tajiri asimlazimishe mhariri. Haukujengwa kumzuia mhariri asijilazimishe mwenyewe. Mtu aliyesamehewa mara moja huishi akiihesabu samahani hiyo, hahitaji kuambiwa. Hapa ndipo wanaomsifu Trelford kwa 1984 na kuisahau 1989 wanapomdhulumu, maana wanamfanya sanamu. Na wanaomlaani kwa 1989 wakaisahau 1984 wanawadhulumu wafu. Alikuwa mwandishi hodari aliyefanya kazi miaka kumi na miwili katika nyumba ya mtu mwengine. Mara moja alifungua dirisha ambalo mwenye nyumba alilipigilia misumari. Kisha akaendelea kukaa.

Katika nyumba hiyo walikuwamo pia waliolipa zaidi yake. Farzad Bazoft, mwandishi mzaliwa wa Iran aliyetumwa na Observer Iraq mwaka 1989 akafuatilia mripuko katika kiwanda cha kijeshi, alinyongwa Baghdad tarehe 15 Machi 1990. Trelford alimpigania kwa nguvu zake zote, na baada ya kifo chake alimtetea dhidi ya magazeti ya Uingereza yaliyokuwa tayari kumwita jasusi. Lihesabiwe hilo pia katika mizani yake.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Hadithi ya mhariri na tajiri inapendwa London kwa kuwa wahusika wake wote wawili ni wa London. Matabeleland inakuwa pazia la nyuma. Lakini Trelford hakuigundua habari hiyo. Machi 1983, zaidi ya mwaka mmoja kabla yake, maaskofu wa Kikatoliki wa Zimbabwe walimpelekea Mugabe ushahidi, na Pasaka ya mwaka huo wakatoa waraka hadharani. Televisheni ya BBC ilikwishaionyesha. Nick Worrall wa gazeti la Guardian alikwishafukuzwa nchini kwa kuiandika. Peter Godwin, aliyezaliwa huko huko, aliifuatilia kambi ya Bhalagwe kwa gazeti la Sunday Times mwaka huo huo wa 1984. Na kabla ya hao wote walikuwapo watu wa vijijini waliotoa majina ya wafu wao, wakijua kuwa mgeni ataondoka na askari atabaki. Yule aliyemchukua Trelford usiku kutoka hotelini alihatarisha zaidi ya kazi.

Na magazeti ya Zimbabwe yenyewe? Makubwa, Herald la Harare na Chronicle la Bulawayo, mwaka 1981 yalitolewa katika mikono ya Waafrika Kusini weupe na kuwekwa chini ya amana ya umma, kwa fedha zilizotolewa na Nigeria. Nia ilikuwa njema. Amana ikawa chombo cha serikali, na Chronicle, ambalo ofisi zake zilikuwa mwendo wa saa chache tu kutoka makaburi, halikuwa na mtu wa kutoka hotelini usiku. Basi asije mtu akadhani kuwa dawa ya tajiri ni waziri. Msomaji wa Bulawayo mwaka 1984 alikuwa na gazeti la taifa lisilosema, na habari za mji wake zikamfikia, kama zilimfikia, kutoka katika gazeti la mfanyabiashara ambaye naye hakutaka ziseme. Katika nchi za mstari wa mbele wengi waliojua walinyamaza, kwa hoja kuwa kumsema Mugabe ni kuwapa Makaburu silaha. Makaburu walikuwa na silaha za kutosha. Waliokosa ni wale wa Kezi na Tsholotsho.

Mwaka 1993 Lonrho iliuza Observer kwa wenye gazeti la Guardian, na Trelford akaondoka baada ya miaka 18 ya uhariri. Akawa profesa wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Sheffield, na mwaka 2017 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake. Rowland alipoteza kampuni yake katikati ya miaka ya 1990 na akafa mwaka 1998. Tume ya Chihambakwe, iliyoundwa na serikali ya Zimbabwe kuchunguza mauaji, ilisikiliza mashahidi mwaka 1984. Ripoti yake haijachapishwa. Ripoti iliyochapishwa ni ile ya Kanisa Katoliki na mawakili wa haki za binadamu, ya mwaka 1997. Bhalagwe, wakaazi na wanaharakati wamesimamisha jiwe la kumbukumbu, likaibiwa, wakasimamisha jengine. Na Januari 2022 hilo nalo likaripuliwa.